Yeyote

Ofisini kwetu, juu ya duka la magodoro,
Barabara ya Lamu, hapa Malindi,
pana karatasi ukutani niliyoichapa mwenyewe:
"Raia yeyote aweza kugombea."
Lile neno la pili nililikoza wino.

Siku ya mwisho ya kupokea ada
nilimngoja Yeyote tangu saa mbili asubuhi.
Nilijiuliza ana sura gani,
kama atapiga hodi, kama atavua viatu mlangoni.

Saa nne gari likasimama chini, likaachwa likinguruma.
Aliyepanda ngazi ni dereva.
Bosi yuko Watamu, alisema, ana wageni.
Ndani ya bahasha noti zina utepe wa benki,
zimelala kama watoto wa bweni,
vichwa vyote upande mmoja.
Sikuhesabu. Nani huhesabu utepe wa benki?
Nikaandika stakabadhi kwa jina la mtu nisiyemwona
na dereva akasukuma elfu mbili chini ya kitabu:
"Ya chai, dadangu."
Chai gani hiyo, na ng'ombe wake ndani.

Saa tisa na nusu, hodi.
Nyevu Mwambire wa Ganda,
mweka hazina wa kioski cha maji,
yule aliyeifikisha kampuni ya mabomba mahakamani
kwa daftari la mistari na kalamu ya kuazima.
Akafungua fundo la leso mezani pangu.

Nilihesabu dakika arobaini.
Za hamsini zanuka samaki, za mia zanuka mafuta ya taa,
sarafu zimeviringwa kwenye vikaratasi vyenye majina:
Mama Dhahabu, mia mbili, za mayai.
Kahindi fundi baiskeli, hamsini, "nikipata nitaongeza".
Darasa la sita, mia tatu na kumi,
nao hata kura hawana.

Arobaini na nane elfu, mia mbili.
Ada ni elfu hamsini.

"Ada hii yalipia nini?"
Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu aulizaye bei ya unga.
Nikamjibu nilivyofunzwa semina:
yaonyesha uzito wa mgombea.
"Uzito?" Akanyosha shingo, mishipa ikasimama.
"Mimi nabeba ndoo tangu nina miaka sita.
Kama ni uzito, leteni mizani."

Mizani hatuna. Tuna muhuri.

Mtaka cha mvunguni, tuliambiwa, sharti ainame.
Ganda nzima iliinama, kikaratasi kwa kikaratasi,
kumbe kitanda chenyewe kimejengewa saruji hadi sakafuni.

Zilipungua elfu moja na mia nane.
Nilikuwa nazo.
Zilikuwa kifuani, zimeshashika joto langu.
Nikafikiria karo ya Swabra, nikafikiria kodi,
nikamfikiria mwenyekiti akiuliza
tangu lini karani akachangia,
na nilipomaliza kufikiria
ilikuwa saa kumi na moja na dakika nne
na Nyevu alikuwa akilifunga fundo upya,
taratibu, kila jina na chake,
maana vyote vitarudi kwa wenyewe.

"Basi niandikie kwamba nilifika."

Kitabu kina safu ya jina, ya kiasi, ya sahihi.
Safu ya kufika hakina.
Nilimwonyesha. Akatazama kwa makini,
kama anayekagua hesabu za kioski,
akasema, "Kweli, hakina,"
akashuka ngazi akishika ukuta.

Jioni nikafagia.
Chini ya meza palikuwa na sarafu ya ishirini,
sijui ya mayai, sijui ya darasa la sita.
Niliinama.
Iko kwenye droo hadi leo, haina stakabadhi,
na huko Ganda, najua, siku ile ya kurudisha,
mtu mmoja alipungukiwa ishirini
na Nyevu akaijaza kwa yake.