Sauti ya Nne

Sauti ya nne tulikuwa na watu watatu.
Mmoja yuko Ufini, anapanga vigae kwenye bafu za watu.
Wa pili kahamia kwa wakwe, akasema kuimba basi.
Akabaki Endel, mchochea tanuri la shule,
na wanawake kumi na tisa mbele yake
kama ukuta wa makoti.

Basi Januari, Võru imefukiwa theluji hadi madirishani,
nikakaa jikoni na kompyuta, nikamtunga mtu.
Hutungwa kwa maneno, hivyo tu:
mwanamume, besi, miaka sitini, asiye na haraka.
Nikabonyeza. Akaimba. Mtamu mno,
kama anayetaka kunikopesha pesa.
Nikafuta neno, nikatia neno:
moshi kidogo. Wa shamba. Asitabasamu.
Toleo la tano liliimba kama askofu,
la nane kama askofu mwenye mafua.
La tisa lilipoanza nilijikuta
nimemimina chai vikombe viwili.

Programu ikauliza: uuhifadhi mtindo huu? Upe jina.
Nikaandika Alhamisi, siku yetu ya mazoezi.
Tangu hapo koo lile lile, wiki hadi wiki, wimbo wowote:
nampa noti, ananipa sauti,
haumwi, hanuni, haombi lifti.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
wangu ningempa nini, hana hata viganja.

Endel alisimama kando ya spika, kofia mkononi,
akamsikiliza mwanzo hadi mwisho
jinsi fundi asikilizavyo gari la mtu.
"Huyu hajawahi kubeba kitu," akasema,
akateremka kwenye tanuri lake.

Neno lile lilinilaza macho.

Asubuhi nikamfuata na maikrofoni.
"Niazime kifua chako."
Alitoa masharti: asiimbe matangazo ya mikopo,
na siku ya mazishi yangu anyamaze.
Nikayaandika nyuma ya risiti ya kuni, tukatia sahihi.
Akanisomea namba za kipimo cha mvuke.
Akapanda ngazi na mzigo wa magogo, akakohoa juu,
akashuka, akaimba nusu ya wimbo
ambao mama yake aliuimba akikamua ng'ombe.
Nusu ya pili haijui. Ng'ombe alikuwa na maziwa machache.

Toleo la kumi na nne lilikuja na pumzi.
Unamsikia akijaza mapafu kabla ya mstari
kama mtu anayetaka kuinua meza.
Wanawake wakaacha kukaza shingo.
Maarika wa sauti ya pili aligeuka
kutazama nani kaingia.

Kisha ubeti wa tatu.
Miaka ishirini na miwili Endel huingia mapema, nusu pigo,
miaka ishirini na miwili nanyoosha kiganja kumzuia
kama mlango unaosukumwa na upepo.
Safari hii iliyowahi ni spika.
Sijui ilijifunzia wapi, mimi sikuiandikia.
Endel akafumba mdomo. Akaitazama.
Masikio yakamwiva.
Akaisubiri ile nusu,
ndefu kama kidato kinachokosekana gizani,
akaingia pale pale wimbo ulipomwekea nafasi.
Hakuna aliyepiga makofi. Tuliendelea;
bado kulikuwa na nyimbo nne, na basi la mwisho ni saa tatu.

Mwezi wa tatu kwaya ya Valga ikaandika:
besi wao wote wamekwisha, tuwaazime mtindo wetu?
Faili lenyewe jepesi, dakika moja limefika.
Nikateremka kwanza kumuuliza mwenye kifua.
Alikuwa anakwangua majivu, hakuinua kichwa.
"Wape," akasema. Nami nimeshashika kitasa:
"Lakini waambie ubeti wa tatu wamshike.
Ana pupa."