Ile "Ka" Si Yako

Kajaani, Januari. Saa nane na nusu mchana
jua limeshafunga ofisi.
Hilppa Leinonkoski anawasha kioo cheusi,
herufi za kijani zinamiminika:
UPO LANGO LA KASKAZINI. THELUJI. FARASI MMOJA AMEKUFA.

Miaka ishirini na miwili alisahihisha gazeti la mji,
matangazo ya misiba, bei za viazi,
mpaka kiti chake kikapewa mashine
na yeye akapewa keki.
Sasa ni Varga, fundi makufuli mwenye jicho moja,
na hata katikati ya vita, damu ikimwingia jichoni,
Varga hakosei mkato.

Wageni huwafunda:
Andika *nilirusha ngumi kuelekea taya lake*. Basi. Simama hapo.
Usiandike *nilimpiga akaanguka*.
Ile "ka" si yako.
Kuanguka kuna mwenyewe, naye yuko Turku au Umeå,
anakoroga chai,
hajaamua bado.

Ndipo akaja Kuura.
Hana herufi kubwa, hana nukta,
anaandika kama mtu anayeshuka ngazi amekumbatia jiko:
*kuura anaingia amelowa anachomoa upaga anakutazama na*

Na nini?
Hilppa alingoja. Nje, theluji ya kweli ilikwaruza dirisha.
Na nini, jamani?
Akafungua mabano mawili,
mahali ambapo wahusika hunyamaza wakasema wenyewe:
((Ni upanga. Kuna n. Na sentensi huwa na mwisho.))
((sawa asante))
Kesho yake Kuura akachomoa upaga.

Mwanamume? Mwanamke? Mtoto aliyetoroka usingizi?
Kifini, kama lugha nyingine zenye adabu,
hakiulizi hayo ndani ya "yeye".
Hilppa naye hakuuliza.

Walicheka, wakazoea. Kufika Machi
Oskari Pihlajisto, anayejenga vyumba vya ngome hiyo
kutoka jikoni kwake Vaasa,
akatundika kitu kipya kwenye duka la mhunzi:
UPAGA. MFUPI KULIKO UPANGA KWA HERUFI MOJA.
HUKATA KISICHOSAHIHISHIKA. SARAFU AROBAINI.
Hilppa alimwandikia malalamiko, aya tisa,
hakuna koma iliyokaa vibaya.
Hakujibiwa.

Siku moja ya mafua akachapa kumbukumbu za msimu mzima,
karatasi sitini na moja,
akaichimbua kalamu nyekundu ya gazetini.
Kila "na" ya Kuura akaipa nukta yake.
Kazi safi. Kisha akasoma tena kutoka juu,
na chini ya kila nukta aliyoitia
hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kuja.
Walikuwa wamekuja mbio, lakini kwa ile "na":
mlinzi na mshumaa wake, mpishi, hata adui,
wote wakitaka kujua.
Na Varga?
*Varga alikifunga kufuli. Aliondoka.*
Sarufi kamili. Jibu la mtu mmoja: *sawa*.
Kurasa tatu mbele: *sawa*.
Aliyemjibu, aliona sasa, alikuwa Kuura mara zote mbili.

Hakulia; alipenga kamasi, ambayo ni kitu kingine.

Usiku huu mhunzi anamhesabia Varga sarafu,
thelathini na nane, thelathini na tisa.
Kitu chepesi, kinachokosa kitu,
kinakaa vizuri kiganjani.
Langoni mtu anaingia amelowa, kama kawaida yake.
Hilppa anaandika polepole,
vidole vikikataa kama punda mbele ya daraja:

*varga anauinua upaga kwa mikono miwili anasogea hatua moja na*

Kidole kiko juu ya nukta.
Kimekaa hapo mpaka chai imepoa.
Anakihamisha. Anatuma.
Kijani kinapepesa, kinapepesa.
Kisha chini kabisa ya kioo:
*kuura anaandika*