Pimamaji

Zulia la nyasi lilifika Jumanne,
limeviringishwa, limefungwa kamba tatu,
tukalisimamisha koridoni karibu na viatu.
Lilinuka tairi jipya.
Mwanaidi alipoingia kuazima blenda
alirudi nyuma hatua mbili, akanong'ona:
"Nani?"
Nikamwambia, bustani.

Hapa Northampton tumekalia mfinyanzi,
udongo wa kijivu unaoshika kiatu
kama mdai aliyekuona njiani.
Mvua ya Ijumaa, Jumatano bado ipo,
imejilaza chini ya dirisha la jikoni.
Watoto wameipa jina: Ziwa Baba,
maana baba yao ndiye aliyeahidi,
mwaka huu, na mwaka ule, na ule.

Haroub ni mtu wa kufunika.
Jino linalouma, chini ya karafuu.
Barua za benki, chini ya kitambaa cha televisheni.
"Tutandike tu," akasema. "Plastiki haiozi."

Mimi nafanya kazi dobi la hospitali.
Najua shuka bichi likikunjwa
linavyolipa kisasi siku ya tatu.
Nikamwambia: ukitandika hivyo
umelipa dimbwi godoro.

Nikachimba shimo la kina cha mkono,
nikamimina ndoo nzima, nikaandika ukutani kwa chaki:
saa tatu asubuhi. Adhuhuri. Magharibi.
Alfajiri nilitoka na tochi.
Maji yalikuwa macho, yananitazama.

Gwilym wa upande wa pili, aliyestaafu mabomba,
alitegemea uzio na kikombe chake,
hakusema kitu hadi chai ilipokwisha.
Kisha akanipitishia kijiti kirefu cha njano,
ndani yake tone la hewa ya kijani.
Kwetu ni pimamaji, nikamfasiria.
Akacheka. Kwa lugha yao, akasema,
jina lake lina roho ndani.

Tukalilaza chini. Roho ikakimbilia bustanini.
Yaani miaka kumi na moja ua wetu
umeuinamia ukuta wa jikoni
kama mtu anayesikiliza siri,
na bomba la paa linamtemea sikioni.

Haroub alichimba kwa hasira, halafu kwa udadisi.
Akatoa kibati cha mbwa, jina limelika,
imebaki namba ya simu yenye tarakimu tano.
Chini yake bomba la zamani, la udongo, limepasuka,
mizizi imejaa kama nywele kwenye kitana.
Akapiga magoti, akaligusa.
"Kumbe kuna mtu alijaribu," akasema.
Sijui alikuwa anamsema nani.

Nyumba yetu imebanwa pande zote mbili,
kwa hiyo kokoto, tani moja na nusu,
zilipita koridoni kwa toroli, zikimpisha mgeni wetu.
Gurudumu limechora mstari ambao hautoki.
Kitambaa cha kuchuja. Bomba lenye matundu. Kokoto tena.
Kwa kila mita, teremsha sentimita moja.
Kidogo tu. Jicho halioni.
Maji yanaona.

Mvua ilikuja Alhamisi usiku, bila adabu, ubavu ubavu.
Tulisimama mlangoni, yeye na fulana ya ndani,
mimi bado na sare ya kazi.
Hakuna ziwa. Chini ya mawe tu, sauti,
kama mtu anayemeza taratibu baada ya homa.
"Inakwenda," akasema.
Akasikiliza tena.
"Inakwenda kweli."

Asubuhi nilikuta kitambaa cha televisheni kimekunjwa,
barua moja imefunguliwa, miwani yake juu yake.
Watoto wamenuna, ziwa lao limekufa.

Zulia bado limesimama koridoni.
Gwilym anasema tungoje udongo utulie,
nasi hatuna haraka tena.
Mwanaidi akipita, hulipa salamu.