Kofia ya Mnajimu

Umeme umekatika Kadutu tangu saa moja.
Nina mshumaa, na kamusi aliyoniachia Sista Briji
aliporudi kwao Ayalandi, magoti yameshindwa
na ngazi za wodi ya wazazi.

Natafuta neno moja tu.
Leo mama amempa mtu dola ishirini
nyuma ya soko, kwenye harufu ya sambaza,
aambiwe kama Cirhuza yu hai huko Kamituga.

Mnajimu. Hilo letu nalijua:
alitoka kwa Waarabu, mzizi wake nyota,
akaja na mu- yake ya huko kwao.
Sisi tukaiona tukasema, aa, huyu mtu,
tukamtia ngeli moja na mtoto, na mgeni.
Wakiwa wengi, wanajimu. Kazi yake, unajimu.
Hakuna aliyemdai hati ya kusafiria.

Kwa kina Sista anaitwa astralaí.
Naye ana nyota tumboni, ya Kigiriki,
iliyopitia Kilatini ikachakaa kidogo,
kisha wakamshonea -aí nyuma,
kiraka wanachomshonea mtu mwenye kazi yake.
Wakiongezeka, mkia ndio unaorefuka: astralaithe.
Sisi huhesabu watu kichwani, wao mkiani.

Lakini kilichoninyima usingizi ni hiki.
Akiwa ni yule, yule mnayemjua,
wanamvika t- kichwani: an t-astralaí.
Na kitu kikiwa chake, kofia inavuliwa.
Pesa ya mnajimu: airgead an astralaí.
Nimeisoma kwa sauti mara tatu,
vibaya, bila shaka. Sista angecheka.

Mama anauliza kutoka kitandani, unasoma nini?
Nasema, sarufi.
Ananyamaza.
Kisha anasema: yule mtu hakuvua kofia
alipopokea.

Alisema nini, mama?
Alisema nyota yake ipo, ila mawingu.

Natoka nje. Mawingu kweli yapo,
yamelala juu ya ziwa kama godoro bichi.
Mnajimu ana wingi wake, hata nyota,
ambayo haibadiliki sura, moja au elfu.
Cirhuza hana. Jaribu. Ulimi unagoma.

Ng'ambo taa za Cyangugu zinawaka.
Mama amenifuata, kanga mabegani,
anauliza zile ni ngapi.
Naanza kuhesabu.