Mavi ya Chuma

Konde, nyuma ya nyumba yetu, pana shimo.
Si kisima, wala si choo; choo kiko upande wa pili.
Shimo la pima tatu, limefukiwa nusu
kwa majani ya migomba, makopo ya maziwa
na baiskeli ya marehemu kaka yangu Ngwali, fremu tupu.
Tunaliita Kwachuma. Aliyeanza kuliita hivyo hajulikani.

Mwaka wa mvua nyingi ukingo ulimeguka.
Nikashuka kumtafuta kuku,
nikaikuta ardhi wazi, kama kabati lililong'oka mlango:
rafu ya juu udongo mweusi wa mihogo, kiganja kimoja;
kisha mwekundu, ule unaotia doa kanga lisitoke;
kisha kokoto za duara, kama njugu mawe zilizoungua,
zimeshikana shibiri mbili,
ukizigusa kwa jembe, jembe linalia.
Chini yake udongo mweupe, mtelezi, usiopitisha maji,
na chini ya mweupe, makombe ya chaza
yaliyofunga midomo kabla hajazaliwa wa kuyafungua.

Mwalimu Faki wa jiografia alisimama ukingoni na viatu vyake vya ngozi,
hakushuka. Akanieleza:
kabla kisiwa hakijawa kisiwa, mto ulitoka bara
umebeba mchanga wa milima iliyokwisha kusagika,
na ndani ya mchanga, chembe za chuma.
Ardhi ikapasuka, bahari ikajipenyeza,
tukabaki huku na mzigo wa watu.
Mvua ikafanya kazi bila msimamizi:
ikakikosha chuma juu, ikakiteremsha,
kikafika penye udongo mweupe, kikakosa njia,
kikaganda.
"Chuma chenu," akasema, "ni mgeni."
Mwalimu, nikamwambia, nani hapa Konde si mgeni?

Waliochimba hawakuandika.
Waliacha mavi.
Ndivyo lugha yetu inavyoyaita, bila haya,
yale makapi meusi yanayobaki motoni
chuma kinapojisaidia kabla ya kuwa safi.
Yamejaa humu, yana matundu matundu.
Na kipande cha bomba la udongo, la mivuo,
kina alama ya dole gumba.
Dole dogo. La mwanamke, nasema mimi.
Mume wangu anasema la mtoto. Tunabishana tangu Shaabani.

Nimejaribu hesabu yao:
vikapu kumi vya kokoto,
mikandaa ya pwani nzima kwa mkaa,
usiku kucha wa kuvuta na kusukuma,
asubuhi donge la kutosha majembe mawili
na ndoana.
Kisha vyombo vikaleta chuma kilichokwisha kupikwa,
mapande marefu kama ndimi, kwa bei ya kucheka.
Moto ukazimika. Hapakuwa na vita.

Wakati wa Mwingereza akaja mtu na nyundo ndogo.
Babu ndiye aliyemshikia mwavuli.
Akagonga, akalilamba jiwe (Babu aliapa, alililamba!),
akaandika mstari mmoja daftarini, akaenda zake Wete kula.
Mpaka anakufa Babu alitaka kujua
mstari ule ulisema nini.

Jana kapita Mbwana wa vyuma chakavu,
toroli, mizani, sumaku inaning'inia kwa uzi wa mshipi.
Akachukua springi za gari,
akaichukua fremu ya Ngwali. Kilo tatu na robo.
Sikubishania bei; koo lilikuwa limenikauka.
Vinakwenda Wete, akasema, vinapakiwa melini,
vinavuka bara kuyeyushwa.
Mto ule ulivileta bure.

Nikamtolea donge la mavi.
Sumaku ikasogea, ikagusa kidogo, ikaachia,
kama mtu aliyesahau jina lako.
"Haya hayana bei, mama."
Naam. Ndiyo maana bado yapo.

Leo kusi limeamka na hasira, mlango wa uani unajipigapiga.
Nimelisukuma donge kwa mguu mpaka kizingitini.
Limekaa.