Alhamisi, Namakwekwe

Kila Alhamisi majira hugeuka mle kiooni:
juma lililopita masika, leo theluji.
Khaukha, mziba pancha, haijui theluji
ila ile ya friji ya Namutosi,
mwenye kibanda, mwenye saa, mwenye lipa-kwanza.

Elfu moja, nusu saa.
Changamoto za juma ni tano, nne kazimaliza:
karuka korongo,
kateleza kona kwa breki ya mkono,
kavunja nyua za watu wasiokuwepo.

Ya tano: mbio tatu, ushinde zote.
Mbio ya tatu, kona ya mwisho, yuko mbele peke yake,
umeme ukaenda zake.

Wanale huko juu haina habari.
Namutosi anatafuta kiberiti.
Khaukha, gizani, bega bado kalilaza kushoto,
anaimalizia kona.