Kiti cha Saba

Mimi naendesha basi la shule. Sikuomba kuwa hakimu.
Barua ilinijia kati ya bili ya umeme na tangazo la matairi:
fika Jumatatu, saa tatu, mahakama ya kaunti ya Tarrow.
Tukapangwa kumi na wawili. Kiti changu cha saba
kilikuwa na mguu mmoja mfupi; kila nikipumua kinalia.

Idella Spruill aliapa akiwa na glavu zake za kanisani.
Miaka sabini na minne. Ekari tatu za babu yake,
aliyezinunua kwa fedha ya kugema utomvu wa misonobari.
Ng'ambo ya uzio, nguruwe elfu sita
na bwawa la mavi lenye rangi ya waridi.
Mipira ya kunyunyizia ikizunguka, ukungu ukivuka uzio
bila hodi.

Hakuja na mtaalamu. Alikuja na kalenda,
zile za bure za nyumba ya mazishi ya Peebles,
miaka kumi na mmoja ya kalenda,
kila siku ya harufu na maneno yake kwa penseli:
Kusini-magharibi. Nimeanua nguo kabla hazijakauka.
Mashariki. Wajukuu wamekataa kushuka garini.
Pasaka. Tumekula madirisha yamefungwa.
Na siku moja ya Agosti, neno moja tu: Inzi.

Jaji akatusomea sheria. Nilitega sikio
nikitarajia Kilatini na radi.
Kumbe ni jambo ambalo bibi yangu angelisema huku akimenya maharagwe:
chako kitumie, ila usimharibie jirani chake.
Hakuna bunge lililoitunga hiyo, akasema.
Ilitoka kesi kwa kesi, mtu na moshi wa jirani,
mtu na mfereji, mtu na zizi,
karne za watu wasio na majina wakiingia mlango uleule
mpaka kizingiti kikalika.

Tulijifungia siku mbili. Kahawa ilikuwa mbaya.
Thurman Gaskill, mwenye duka la zana, alisema kampuni inalipa mishahara,
na hakudanganya; shemeji yangu anaupokea mmoja.
Kisha yeye mwenyewe akaomba kalenda ya mwaka wa nne,
akaisoma kimya, akavua miwani.

Bungeni, maili themanini kutoka kwenye harufu,
hawakulala.
Barabara ya basi langu ina shimo la miaka sita.
Mswada huu ulichukua siku tisa.
Wakauita Sheria ya Kumlinda Mkulima.
Mkulima yupi? Yule wa ng'ambo ya uzio hamiliki hata nguruwe mmoja:
nguruwe ni wa kampuni, deni ndilo lake.
Sasa ukitaka kushtaki, uwe umeshtaki
kabla zizi halijatimiza mwaka,
uwe unakaa ndani ya nusu maili,
na fidia isizidi kodi ambayo nyumba yako ingelipwa,
nyumba ambayo, kwa harufu ile, hakuna wa kuipanga.
Nimelisoma hilo mara tatu.
Kuna mtu alikaa kitako akalifikiria.

Seneta wetu akasema redioni: hawa wa kutoka mitaani, wakipewa kesi,
huyumbishwa na hisia.
Nilikuwa nimesimama, watoto wanavuka njia.
Hisia! Nilihesabu siku elfu moja na mia nne kwa kidole hiki.
Yeye hajahesabu hata moja.
Mlango upo, anasema, mahakama iko wazi.
Naam. Mlango upo. Wameinua kizingiti.

Idella alifariki Februari, rufaa ya kampuni ikiwa bado kabatini.
Kalenda yake ya mwisho ina jina la waliomzika.

Machi, watu wenye fulana za rangi ya machungwa walipiga vigingi
shambani kwa jirani yangu, upande unakotoka upepo.
Nimepima kwa basi, bila abiria: robo tatu ya maili.
Jioni nikapita kwa Peebles kuomba kalenda.
Kijana wa mapokezi, kwa sauti ya chini waliyomfundisha,
akauliza kama nimefiwa.
Nikasema bado.